Mama Valeria Kapele na Kuta za Mazwi

Mama yetu Valeria Kapele alizaliwa tarehe 14 Mei 1936 kijijini Chala, mtoto wa tatu wa mzee Zephania. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Walimu walimchapa mara nyingi kwa kuchora ukuta wa darasa. Alipoadhibiwa kuusiriba upya, aliusiriba vizuri kabisa, kisha akachora tena.

Mwaka 1955 alifunga ndoa na mzee Leonsi, fundi baiskeli, wakahamia Mazwi, na huko ndiko alikoanza kazi iliyomfanya ajulikane mji mzima. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, alisiriba nyumba za watu na kuzichora kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Hakumwonea mtu haya. Nyumba ya katekista aliichora kuku aliyepanda baiskeli, na katekista akaiacha hivyo hivyo, maana watu walikuwa wakija kutazama hadi jioni. Masika yalipofuta kila kitu, sisi tulisikitika. Yeye alicheka tu.

"Masika yana kazi yake, na mimi nina yangu," alisema.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria. Mwanawe Felisian akafanikiwa katika mahindi, saruji ikajaa madukani, watu wakajenga kwa matofali ya kuchoma. Waliokuja kumwita mama wakapungua mwaka hadi mwaka.

Machi 1998 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Mchoro uliokuwa umebaki nyumbani ni ule wa barazani, chini ya paa, ambao hata mvua za Elnino hazikuufikia. Felisian, kwa mapenzi tu ya mtoto kwa mama, alinunua vanishi akaupaka ili udumu. Masikini, haikupita wiki udongo ukabanduka wote, ukadondoka vipande vipande, na mama yuko pale pale mkekani anatazama. Felisian alilia mbele za watu.

"Acha, baba," mama alimwambia. "Nipeleke mjini nikaone kuta zangu zilizobaki."

Felisian alimsukuma kwa kiti cha magurudumu cha parokia, mtaa kwa mtaa. Kwa katekista palikuwa na tangazo la sabuni. Kwingine nyumba yenyewe haikuwepo. "Na hapa je?" mama aliuliza kila walipokata kona, na Felisian akasukuma kiti mbele. Vijana walimpa shikamoo wakapita, hawamjui. Safari hii hakucheka. Tangu siku hiyo hakuomba tena kutoka.

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 1998.

Ameacha mume, watoto wawili, Felisian na Otilia, na wajukuu saba. Jana Otilia alikanda udongo, akitaka mama atolewe kwenda kuzikwa kutoka kwenye nyumba iliyochorwa. Alisimama mbele ya ukuta mpaka udongo ukamkaukia mikononi, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mama huwa anaanzia wapi. Kwa hiyo leo ametoka kwenye nyumba yenye kuta tupu. Mungu ampumzishe, na sisi atuhurumie.