Mtu Aliyekataa Kuwa wa Pili

Baba Paroko, Sheha wetu, jamaa mliovuka bahari na majirani wa Ole, maisha ya marehemu yamesimuliwa na mjane wake, Bi Angelina, naye ameagiza yasomwe kama alivyoyasema, bila kupambwa, kwa kuwa marehemu alijipamba vya kutosha alipokuwa hai.

Mwalimu Adriano Abraham Mgaya alizaliwa tarehe 9 Agosti 1960 kijijini Uwemba, Njombe, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Abraham, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1968. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili darasani, na jioni ile baba yake akamwita mtoto wa jirani aliyekuwa wa kwanza, akamketisha, akampa nyama ya Adriano. Kisa hiki marehemu alikisimulia maisha yake yote, kama vile kilimpa ruhusa ya kufanya lolote, na wasikilizaji wakamhurumia, lakini Bi Angelina hakukikubali, kwa sababu ndugu wanne wa marehemu walilelewa na baba huyo huyo, nao wametoka watu wa kawaida, wanaoweza kushindwa wakalala usingizi.

Alihitimu ualimu mwaka 1983, akahamia Pemba mwaka 1988 kufundisha hisabati, tarehe 12 Septemba 1992 akafunga ndoa na Angelina huko Wete, wakajaliwa Recho mwaka 1996 na Samwel mwaka 1999. Ualimu aliufanya kwa mkono wa kushoto. Roho yake ilikuwa kwenye mashindano ya baiskeli ya Chake hadi Konde, aliyoyashinda mara saba, dhidi ya wauza samaki na wachukuzi wa muhogo waliokuja kufurahia sikukuu, wakafika wakicheka, wakanywa maji ya miwa, wakarudi makwao, ilhali yeye wiki nzima kabla yake alikuwa hasemi na mtu nyumbani, na mtoto akikohoa aliambiwa akakohoe nje.

Asubuhi ya tarehe 26 Aprili 2003, siku ya mashindano, Recho aliamka na homa kali, shingo imekakamaa, hamtambui mama yake, na gari za abiria zilikuwa hazijaanza. Angelina alimwomba mumewe amkimbize mtoto hospitali, Wete.

"Baiskeli hii haina keria," akajibu, akifunga kamba za viatu.

"Nikufungie mgongoni kwa kanga, baba Recho."

"Nikichoka sasa nitashindwa mbele. Mwite Hafiz."

Hafiz, jirani muuza muhogo, mwenye baiskeli nzito ya chuma, hakuuliza kitu. "Mpakate mwana, Bi Angelina, ukae nyuma," akasema, akawapandisha vilima vyote hadi Wete. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia Recho uhai, ikachukua masikio yake. Marehemu alifika wodini jioni na kikombe chake cha ushindi, akamwonyesha mtoto, na mtoto alipokaa kimya, akasema anadeka.

Samwel naye alifundishwa kuendesha, hadi siku ya mwaka 2016 alipomkaribia baba yake kwenye kona, akabanwa naye, akaingia mtaroni, akavunjika mkono, na marehemu akamwambia kuwa barabara haina mtoto. Samwel alihamia Dodoma, na leo yupo hapa kwa heshima ya mama yake.

Mwaka 2022 madaktari waligundua moyo wa marehemu umepanuka, wakamkataza baiskeli, naye akaendelea, kwa sababu kijana mmoja wa Msuka alikuwa anatajwa sana kwa kasi yake. Februari 2025 hakuweza tena kusimama, na aliyemlisha uji na kumgeuza kitandani ni Recho. Tarehe 3 Machi, Hafiz alikuja kumjulia hali, na marehemu akaomba ainuliwe, akasema ana neno kuhusu siku ile ya Recho. Angelina, aliyelingoja neno hilo miaka yote, akasogeza kiti.

"Hafiz," marehemu akauliza, "kutoka hapa mpaka Wete, ulitumia muda gani?"

"Sikutizama saa, mwalimu. Nlikuwa nasikiliza kama mwana bado yuapumua."

Marehemu akageukia ukutani. Angelina aliinuka, akatoka kwenda kuanika nguo, na hakumsemesha tena.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete, walimu wenzake, majirani Waislamu waliochimba kaburi pamoja nasi, na Hafiz, ambaye shukrani zake zimechelewa miaka ishirini na miwili.

Adriano, pumzika sasa kwa amani. Hakuna aliyekuwa anakufukuza.