Nélida Bortolotti na Kadi Zake Mia Tisa

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, mimi ni Oreste, mdogo wake marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha yake.

Nélida alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 mjini Casilda, kifungua mimba wa fundi viatu, akasoma shule hapo hapo, kisha akahitimu ukarani hapa Rosario Desemba 1963. Tarehe 22 Septemba 1970 alifunga ndoa na Evaristo Galmarini, fundi wa kinanda, aliyetutoka mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, Ofelia na Leandro.

Mwaka 1985 aliajiriwa mapokezi kwenye kliniki ya wataalamu wanne wa saikolojia, waliosalimiana kwa shida, kwani kila mmoja aliamini njia yake ndiyo inayoponya na za wenzake ni porojo.

Mwezi Mei 1988 basi nililokuwa nikiliendesha lilipinduka, hakufa mtu, lakini mimi, kwa hofu, sikutoka tena nyumbani kwa miezi kumi na minne. Nilisoma vitabu vya ushauri, kimoja kikinivuta huku, kingine kule, hadi nikavitupa vyote. Dada yangu aliviokota, akaanza kunakili kila ushauri kwenye kadi, wa vitabuni na wa wale wataalamu wanne, bila jina la aliyeutoa, na kadi zilipopita mia tisa akakuta zote zinazunguka mambo arobaini na saba tu, yaliyobatizwa majina tofauti. Lililojirudia kuliko yote lilikuwa kukisogelea unachokiogopa, kidogo kidogo.

Akaja kwangu asubuhi, akasema, “Oreste, vaa viatu, tunakwenda mlangoni.”

“Mlangoni tu?”

“Mlangoni tu. Ngazi ni kesho.”

“Na nikizimia, dada?”

“Nitakushika miguu nikuburute, na lilivyo hilo tumbo, mtaa mzima utapata cha kucheka.”

Wiki ya tisa nilipanda basi, nikiwa abiria, naye pembeni yangu akipiga soga kuhusu bei ya vitunguu.

Mwaka 1991 aliwasomea wataalamu wale kadi kumi wakati wa chakula, akawataka waseme ipi ni ya nani, na mmoja wao, Daktari Ibarlucea, akagonga meza akisema, “Hiyo ni yangu, haina ubishi!” Ilitoka kwenye kitabu alichokuwa akikiita takataka. Alinuna wiki nzima, kisha akaja kuazima sanduku la kadi, na tangu hapo wote wanne wakawa wanakaa pamoja kila Alhamisi, wakibishana na kucheka, hadi Nélida alipostaafu mwaka 2011.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016. Daktari wake wa moyo alipomuuliza kama anaogopa, alijibu, “Naogopa, mwanangu, hebu keti tunywe chai ya majani ya mate.” Ofelia naye alimuuliza, kati ya yale arobaini na saba, lipi kubwa, mama yake akasema, “Sikuona hata moja lililomsaidia mtu aliyeachwa peke yake.” Alifariki tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, sote tukiwa tumemzunguka, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa kliniki, ambao leo nawaona wameketi benchi moja.

Dada, kazi yako imekamilika na tumeridhika nayo, lala kwa utulivu.