Mama Aliyefutwa kwa Dasta

Pale kona, kati ya banda la kinyozi na karakana ya baiskeli, pana benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Ukikaa upande wa tofali ukae kwa adabu, la sivyo wenzako wote wanamwagikiwa. Hapo ndipo Bi Birika anapouza kahawa, na hapo ndipo dunia inapotengenezwa kila asubuhi na kuharibiwa tena kabla jua halijawa kali. Wenye benchi lao ni watatu. Yupo Spana, fundi baiskeli, mtu wa kukaza kila kitu mpaka maneno. Yupo Profesa, kinyozi, aliyepata cheo chake kwa kusoma magazeti anayopangusia wembe. Na yupo Mzee Kufuli, mlinzi mstaafu, asiyeamini kitu kisicho na mlango. Asubuhi hiyo Bi Birika alikuja amechelewa, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, na badala ya salamu alivitupa vikombe ndani ya karai mpaka vikalia.

— Kulikoni, dada? — Profesa akauliza. — Umegombana na birika?

— Wamemfuta mama yangu.

— Nani kamfuta?

— Wale wa ukumbi wa nyuma ya posta. Chama cha Nasaba. Kwa dasta, mbele za watu!

Akatoa karatasi ya matangazo ya hicho chama, ameikunja kama anainyonga. Profesa akaidaka, akavaa miwani.

— "Karibuni mjifunze asili yenu. Darasa la kwanza, kuchora mti wa ukoo."

— Hilo ndilo nililokwenda jana — akasema Bi Birika. — Endelea.

— "La pili, matembezi ya kusoma mawe ya makaburi. La tatu, kutunza picha za zamani. La nne, namna ya kuwauliza wazee kabla..."

Bi Birika akamnyang'anya, akaitia karatasi chini ya mkaa, akapuliza.

— Kabla ya nini? — Profesa akalalamika.

— Kabla sijakumwagia. Nisikilizeni.

Akaeleza huku anapepea jiko. Mwalimu ni kijana mwenye chaki sikioni. Anachora visanduku ubaoni, baba hapa, mama hapa, babu na bibi juu yao, mistari inawaunga. Aliyemzaa Bi Birika, ambaye alifariki siku ileile ya kumzaa, akapewa kisanduku chake kizuri. Bi Birika akainuka, akachora kingine pembeni, cha mama aliyemlea.

— Akaniambia, "Mama, huu ni mti wa damu. Huyu si wa ukoo." Fyaa! Vumbi la chaki likaniingia puani. Mama yangu mzima, nikampiga chafya!

Wote watatu wakasonya kwa pamoja. Maana huyo aliyefutwa walimjua kwa habari, Bi Birika hachoki kumsimulia. Aliingia nyumba ile wiki ya msiba na beseni lake la kufulia, afue nepi siku mbili tatu aende zake. Hakwenda. Baba alitoka kutafuta kazi. Kazi akaipata, njia ya kurudi hakuipata. Mfuaji akabaki na kitoto mgongoni na nguo za watu mikononi, vidole vimekunjamana kwa maji. Mtoto akikohoa, yeye ndiye aliyeamka. Mtoto akionewa kisimani, yeye ndiye aliyekunja mikono ya gauni. Na kwa kuwa mtoto mwenyewe hakufunga mdomo tangu alipojua kusema, wakamwita Chiriku, na mfuaji akawa Mama Chiriku mpaka anaingia kaburini.

— Ndiyo maana wahenga walisema — Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni — uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Birika likasimama hewani, mdomo wake umemwelekea yeye.

— Rudia.

— Nilikuwa na maana... mzazi kwa jumla, dada.

— Kuzaa si kazi, Profesa. Kazi kulea! Benchi hili aliyelichonga nani?

— Hatumjui.

— Aliyelitia tofali lilipovunjika mguu?

— Wewe.

— Basi isingekuwa mimi mngekuwa mmekalia nini, damu?

Hapo Spana akaweka kikombe chini. Spana akiweka kikombe chini, ujue mambo yamekwisha kuharibika.

— Shangazi, hao mimi nimewashtukia zamani. Wanapunguza watu.

— Wanapunguzaje? — akauliza Mzee Kufuli.

— Leo mlezi nje. Kesho shemeji nje, hana damu. Kesho kutwa mke. Mke wako, mzee, ana damu yako?

— Hana — akasema Kufuli, na sura yake ikaonyesha kwamba jambo hilo hakuwahi kulichunguza.

— Umeona! Ukija kufa umebaki na binamu mmoja, tena mgonjwa wa mgongo. Jeneza atabeba nani?

— Na hayo mawe ya makaburi — Kufuli akawaka — mimi nimelinda makaburi, nayajua. Jiwe ni mwongo kuliko dalali. Pale yupo bwana aliyempiga kila mtu mtaani kwake, jiwe linasema "Mpole, kipenzi cha wote." Nenda kamsome! Halafu ukisoma jina la marehemu kwa sauti anadhani anaitwa. Akija, mlango nitamfungulia mimi?

— Hayo madogo — Profesa akadakia, maana hapendi kupitwa. — Hatari ni hizo picha. Wapo wakubwa wasio na babu wa kujivunia. Unampelekea mwalimu babu yako mwenye masharubu akutunzie, kesho unamkuta ametundikwa sebuleni kwa mtu. Paka akiondoka, panya hutawala.

— Paka hapo ni nani? — akauliza Kufuli.

— Babu.

— Na panya?

Profesa akafikiri.

— Masharubu.

— Mwisho wake mimi nauona — Spana alikuwa amekwisha simama. — Watachora, watachora, watuunge wote kwa babu mmoja. Mtaa mzima ndugu! Ndoa zote batili, watoto wote wajomba!

— Huyo babu mmoja atakuwa wangu — akasema Kufuli. — Anzeni kuniamkia mapema.

— Twendeni! — Spana akapiga paja. — Twendeni ukumbini sasa hivi, na chaki yetu. Nitamwandika Mama Chiriku juu kabisa ya ubao, herufi kubwa kama za duka. Tuone huyo wa dasta atafikaje, na ufupi ule!

Tangu jana Bi Birika alikuwa peke yake na lile vumbi la chaki. Akaifunga vizuri leso yake ya kichwa.

Kumbe kulikuwa na mama mmoja amesimama muda wote, anashikilia baiskeli iliyokatika mnyororo, anangoja fundi amalize hasira.

— Samahani, ndugu zangu — akasema. — Mtaandika nani?

— Mama Chiriku! — wakajibu kama darasa.

— Chiriku si ndiye huyu dada wa kahawa? Ninauliza yeye mwenyewe, aliyemlea. Jina lake nani?

Spana akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakamgeukia Bi Birika.

Bi Birika akatafuta. Akaiona mikono. Akaisikia harufu ya sabuni ya mche. Akawasikia wafuaji wote wa kisimani, mmoja baada ya mwingine, sauti zao zilezile: Mama Chiriku, sogeza beseni! Mama Chiriku, mvua hiyo! Mama Chiriku, mwanao huyu atatutoboa masikio! Kila sauti ilimwita yule mama, na kila sauti ilimtaja yeye. Yeye mwenyewe alisema Mama, basi. Kisima cha maneno kama yeye, anayemuuliza kila mteja habari za nyumbani, hilo hakupata kuliuliza.

— Nilikuwa... nilimwita Mama — akasema.

— Lile darasa la nne, dada — Profesa akaanza kwa upole — la kuwauliza wazee...

— Nimelichoma. Naliona.

Mzee Kufuli akakohoa.

— Yule shoga yake, mfuaji mwenzake, bado yupo. Nyuma ya soko. Lakini siku hizi anapotewa na maneno, binti. Kila mtu anamwita mwanangu.

— Mlango upi?

— Wa buluu, wenye komeo la mbao. Bisha kwa nguvu.

Bi Birika akaliinua birika jikoni, akaokota vikombe viwili karaini.

— Na sisi? — akauliza Spana.

— Nyinyi kaeni na damu yenu.

Akavuka barabara, birika linafuka pembeni mwake. Njiani alikuwa akilirudia swali midomoni, polepole, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa.