Matawi Kumi na Mawili ya Dairekta

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya umeme, na kila alasiri hukaliwa na mabingwa wa mambo yasiyowahusu. Upande wa tofali hukaa Bima, aliyewahi kuuza bima wiki tatu tu na tangu hapo anatoa ushauri wa sheria bila kuombwa. Katikati hukaa Risiti, dereva wa teksi, mtu asiyetupa karatasi yoyote aliyopewa dukani. Mifuko yake imevimba utadhani ameiba mito. Shangazi ndiye anayemimina kahawa, na hakopeshi. Siku hiyo mwishoni mwa benchi alikaa Dairekta, fundi makochi, kijana mtanashati kuliko kazi yake, ameikunja barua ya watu wa kodi mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Alikuwa anatumaini ikizidi kukunjwa itakwisha.

— Lete niisome, alisema Bima.

— Umeshaisoma mara mbili.

— Ya tatu ndiyo huwa naelewa.

Barua ilikuwa fupi na haikuwa na utani. Watu wa kodi walikuwa wamepiga picha bango lililo juu ya banda la Dairekta, wakasoma kilichoandikwa: KOCHI BORA, MATAWI KUMI NA MAWILI. Basi wakamkadiria kodi ya karakana kumi na mbili. Kama hakubali, alete pingamizi kwa maandishi, pamoja na mkataba wa pango na daftari la mauzo, kabla ya saa kumi leo. Ilikuwa saa nane na nusu.

Banda lilikuwa moja. Limepakana na kinyozi, na mvua ikinyesha makochi huenda kulala kwa kinyozi. Ila siku ya kuchora bango mchoraji alisema bei ni ya ubao mzima, ujae usijae, na chini palibaki nafasi. Dairekta si mtu wa kulipia rangi nyeupe tupu.

— Ungeandika namba ya simu, alisema Shangazi.

— Namba iko juu.

— Ungeirudia.

Bima akakohoa, ishara kwamba kikao kimefunguliwa.

— Sikilizeni. Biashara iandikishe kwa jina la mke. Wakija, wewe humo.

— Sina mke. Naoa mwezi ujao.

— Basi oa leo.

— Kaka, hao wakwe wenyewe wamenikubali kwa sababu ya bango. Mzee hupita pale kila asubuhi, analisoma kwa sauti. Nikisaini kwamba nina banda moja, watakuja kukagua, bango litashushwa mchana kweupe, na mchumba atashuka nalo.

Hapo ndipo palipomkaba. Kodi waliyoitaka asingeifikia hata akiuza mashine, gundi na sindano zote. Mkataba na daftari alikuwa navyo mfukoni tangu asubuhi. Lakini kalamu ya kuandika neno "moja" aliiona nzito kuliko kochi la watu watatu.

— Dawa ni matumizi, alisema Risiti, akichomoa fungu la karatasi. Kodi si wanakata kwenye faida? Sisi tunaila faida yote. Hii mafuta ya gari. Hii viatu vya mwanangu. Hii nyanya.

— Nyanya na makochi wapi na wapi?

— Fundi hali?

— Na hii?

— Hiyo dawa ya minyoo. Waambie ni ya mbao.

— Acha utoto, alisema Bima. Hapa tunatangaza matawi kumi na moja yamefungwa.

— Lini?

— Juzi. Kwa masikitiko.

— Nikisema yamefungwa, si nimekiri yalifunguliwa? Watadai na ya miaka ya nyuma.

Bima akanywa mafunda mawili ya kahawa. Kisha Risiti akapiga paja.

— Tugawane. Kila mtu achukue mawili matatu, awe meneja. Kodi moja kubwa tunaipasua inakuwa vikodi.

— Mimi lile la mpakani, alisema Bima.

— La mpakani ni langu, nina gari.

— Gari lile litafika mpakani?

— Ndiyo maana nadai posho ya uhamisho. Na mshahara wa miezi mitatu, maana tawi limefunguliwa zamani na mimi sijalipwa.

— Mimi msinipe lenye mbu, alisema Shangazi.

Na Dairekta, aliyekuja pale amejikunja kama barua yake, akajikuta ananyoosha mgongo. Cheo kitamu, hata cha hewani.

— Tulieni, alisema. Mpakani anakwenda Bima. Risiti, chukua stesheni, na nisisikie mteja analalamika. Shangazi ni mkaguzi mkuu.

— Mkaguzi mkuu anakunywa kahawa ya nani?

— Ya kampuni.

— Kikao kizuri, alisema mtu nyuma yao.

Alikuwa mkwe mwenyewe, mzee mfupi, kofia mkononi, na ilionekana amesimama pale kitambo. Dairekta aliruka wima.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Sikai. Shemeji yako mdogo amemaliza mafunzo ya ushonaji, yuko nyumbani anamaliza sukari. Nina swali moja tu. Tawi lipi lina nafasi?

Bima alichungulia kikombe chake kama mtu aliyeangusha pete. Risiti alianza kuzipanga risiti kwa tarehe. Shangazi alitikisa birika.

— Imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Dairekta aliikunjua barua, mkunjo kwa mkunjo, akampa mzee.

— Baba, banda ni moja. Lile lile. Mengine niliyaandika kwa sababu ubao ulibaki.

Mzee alisoma mpaka chini, akarudi juu.

— Kumi na mawili, alisema.

— Nilitia chumvi, baba. Nisamehe.

— Mimi nimewaambia watu ni kumi na manne.

Benchi lote likamtazama.

— Na la ng'ambo sijui nililitoa wapi, aliongeza taratibu. Mkataba wa pango unao?

— Ninao.

— Daftari?

— Lipo, ila kurasa nyingine zina gundi.

— Wataibandua wenyewe. Andika.

Dairekta aliandika pingamizi juu ya goti, mistari minne. Alipofika kwenye "moja" aliikoleza.

— Na harusi, baba?

— Harusi ipo. Ila shemeji yako anaanza kazi Jumatatu, kwenye hilo hilo moja, na utamlipa.

Saa tisa na robo wakaondoka pamoja, Dairekta mbele kwa haraka, akishika barabara kuu. Mzee akamvuta shati.

— Si huku, mwanangu. Huku nimewaambia wengi. Tupite nyuma.