Game ya Saa Kumi

Kiti chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu, umekaliwa miaka hadi ukang'aa, umeegemea ukuta wa mabati wa kibanda cha Nzuki, fundi wa redio na simu pale mtaa wa mabanda wa Kianda. Kabla ya kura ya Desemba ungefika saa tisa ukakosa hata pa kuweka nusu ya kiuno. Sasa ilikuwa Jumatano, katikati ya Januari 2008, siku ya kwanza ya maandamano ya siku tatu, na waliobaki kijiweni walikuwa wanaume watatu na Mabruka, mama mwenye birika. Hewa ilinuka matairi. Kila mara kitu kilipolia tup! upande wa mtaa wa Sarang'ombe, walibishana kidogo kama ni teargas ama ni risasi, wakarudi kwa vikombe. Sukari ilikuwa imeisha Jumapili. Mabruka aliwamiminia kahawa chungu yenye tangawizi, na hakuna aliyelalamika.

Siku hiyo hawakubishania kura. Walibishania kompyuta iliyokuwa juu ya meza ya Nzuki, laptop nyeusi, mpya, iliyokataa kumeza CD ya game ya mpira.

— Hiyo CD ni chafu, akasema Kavoi, aliyekuwa tarishi wa mahakamani, ndiyo maana walimwita Wakili. Isugue na dawa ya meno. Mimi niliinunua Kawangware kabla ya Krismasi, na huko vumbi ni mingi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Dawa, si ni ya kuponya?

Aliyeuliza alikuwa mzee Abdelkarim, mwenye nyumba za kupangisha nyuma ya kibanda. Walimwita Hansadi kwa sababu alikumbuka kila neno lililowahi kusemwa bungeni, na mengine ambayo hayakusemwa. Waya wa stima uliolisha ile laptop ulitoka dirishani kwake.

Nzuki akaisugua CD na dawa ya meno. Akaifuta na shati. Akairudisha. Mashine ikanguruma, mstari wa kijani ukaanza kutambaa, ukafika robo, ukasimama. Kisanduku kikatokea na maneno ya Kiingereza: huna ruhusa.

— Imesemaje? Mabruka akauliza.

— Inasema bado, Mama Iman.

Alimdanganya. Nzuki alijua ugonjwa wa ile mashine tangu dakika ya kwanza. Ilikuwa na system mpya, ile iliyotoka mwaka uliopita, na system ile haikuwa kama za zamani zilizokubali chochote. Ukitaka kuweka kitu ndani yake, lazima mwenye mashine akubali kwa jina lake. Ilikuwa kubonyeza mara moja tu: skrini inaingia giza, kisanduku kinatokea, na ndani yake jina la mwenyewe na nafasi ya neno la siri. Hapo ndipo Nzuki aliposhindwa. Neno la siri hakulijua, lakini hilo angeweza kumpigia mwenyewe simu aulize. Kilichomshinda ni jina, jina la kabila lililokuwa likifukuzwa mtaani.

Kijiweni alikuwa amesema laptop ni ya mteja wa Riruta. Haikuwa. Ilikuwa ya Muthoni, aliyechapa barua na CV kwenye chumba kidogo karibu na shule ya Olympic. Jioni ile matokeo yalipotangazwa, Muthoni alipita hapa na watoto wawili na begi moja, akamsukumia ile mashine mikononi bila kusimama. "Nifichie," alisema, basi. Ndani yake alikuwa ametengeneza mlango mwingine wa wateja, yaani akaunti, usiohitaji neno la siri, na Nzuki alipitia huo. Hata leo aliiwasha nyumbani, mlango wa nyumba umefungwa, akaja nayo ikiwa tayari imefunguka, ili mtu asione orodha ya majina inayotokea mashine ikiwaka.

Na yeye mwenyewe hakuwa na pa kuegemea. Tangu wiki iliyopita, vile baraza la mawaziri lilitajwa na Mkamba mwenzake akapewa umakamu wa rais, watu walikuwa wameanza kuwauliza Wakamba: nyinyi mko upande gani? Waliuliza wakicheka. Nzuki hakukipenda kicheko hicho.

Sasa kwa nini aitoe ile mashine? Kwa sababu ya Wesonga. Jana yake Wesonga, aliyeongoza vijana wa mtaa, alisimama mbele ya kibanda na nondo begani. "Fundi, pale kwa game pamefungwa. Vijana wako idle. Kesho saa kumi uwekee wasee mpira, ama twende nao wote kule barabarani." Barabarani karao, yaani polisi, walikuwa hawapigi tena risasi hewani. Na kati ya wale vijana alikuwa Shafi, mtoto wa mwisho wa Mabruka. Mama yule hakumwomba Nzuki chochote. Alimjazia kikombe tu, akamtazama, na Nzuki akaenda nyumbani kuitoa laptop chini ya kitanda.

Sasa ilikuwa saa tisa na robo.

— Tatizo ni umri, akasema Hansadi. Game ni ya zamani, kompyuta ni ya juzi. Mpwa wangu aliniambia: unaidanganya. Unaiambia ijifanye ile ya zamani.

— Kompyuta itadanganywaje? Kavoi akauliza. Haina masikio.

— Kwani wewe ulidanganywa kwa masikio? Si uliona kwa macho, kwa televisheni?

— Hansadi, tuliahidiana leo si siasa!

— Nimesema televisheni. Televisheni ni siasa?

Nzuki akafanya alivyoambiwa. Mzee hakuwa amekosea. Akaiambia game ijifanye iko kwenye system ya zamani. Mstari ukatambaa, safari hii ukapita robo, ukafika nusu. Mabruka akaacha kupepea jiko. Halafu kile kisanduku tena: huna ruhusa.

— Unaona? Kavoi akasogea karibu, akashusha sauti. Hiyo si ugonjwa. Meseji za kutumia watu wengi kwa mpigo si zimezuiwa na serikali? Hizi kompyuta mpya zote zinaripoti. Saa hii kuna mtu ofisini kwake anatuangalia. Wanne, kijiweni, Kianda.

— Anatuangalia tukifanya nini? Tukinywa kahawa bila sukari?

— Wewe cheka. Haraka haraka haina baraka, kwa hivyo ing'oe hiyo waya haraka!

— Mimi nafikiri ni mwaka, Hansadi akasema, naye sasa hakuwa anacheka. Hiyo mashine iliingia 2008 ikiwa imezimwa. Haijui nani ni nani. Imeona mambo, ikasema heri nikatae kila mtu, mpaka watu waelewane.

— Mashine iogope? Kavoi akauliza.

— Kila kitu kinaogopa. Juzi paka wangu alikataa kutoka nje siku tatu.

Tup! Tup! Mara mbili, karibu kuliko zote za siku ile. Kahawa ikamwagika kwenye goti la Kavoi. Watu watatu wakapita mbio kichochoroni, mmoja ameshika viatu vyake mkononi.

— Mwanangu, Mabruka akamwambia Nzuki taratibu. Wewe ni fundi. Hii kitu huiwezi, ama huitaki?

Nzuki akatazama vidole vyake. Alitaka kumwambia. Kwa Mabruka angesema. Lakini ubao ulikuwa na masikio manne mengine, na ingawa alikuwa amekunywa kahawa nao miaka tisa, tangu Desemba hakujua tena mtu anamaliziaje sentensi. Wakili alikuwa na mke na watoto wa kulinda. Mzee alikuwa na nyumba zinazoweza kuchomwa. Mtu mwoga husema.

— Nipe dakika kumi, Mama Iman.

Hakuzipata. Wesonga hakungoja saa kumi. Alitokea kona ya choo cha wapangaji wa plot saa kumi kasoro ishirini, peke yake, fulana imelowa jasho, macho mekundu kwa teargas. Nondo ilikuwa mkononi, si begani.

— Niaje wazee. Mathe, akamwinamia Mabruka kichwa. Fundi, mambo iko aje? Vijana wako hapo nyuma, hawatulii.

— Inasumbua, Nzuki akasema. CD ni nzee. Labda kesho.

— Kesho kuna mtu atakuwa amezikwa. Songa kiasi.

Akaweka nondo mezani, akainama, akashika mausi. Nzuki alitaka kuuondoa mkono ule, mkono wake mwenyewe ukakataa kwenda. Wesonga alikuwa amekulia kwenye vyumba vya game. Akabonyeza upande wa kulia, orodha ikashuka, akachagua mstari wa pili bila hata kuusoma.

— Hizi mpya lazima uziingie kama mdosi wake, yule mwenyewe, akasema. Fundi mzima hujui?

Skrini ikaingia giza. Kisanduku kikatokea katikati, kina picha ndogo ya ua, na chini ya ua jina moja, herufi kubwa kubwa za kusomeka hata na mtu aliyekaa mwisho wa ubao.

Wesonga akasoma. Akasoma tena.

— Muthoni ni nani?

Hansadi akaangalia kikombe chake. Kavoi akaanza kufuta goti lililokwisha kukauka. Wote walimjua Muthoni. Alimchapia Kavoi barua za likizo. Alimchapia mzee risiti za wapangaji, na Mabruka alikuwa amemshika mtoto wake wa pili akiwa wa siku mbili. Jiko lilikuwa linatoa mlio mdogo, makaa yakipasuka.

— Nimeuliza, Wesonga akasema.

Baadaye Nzuki hakuweza kueleza kilichomfanya aseme. Si ushujaa. Ni kwamba alimwona Mabruka akifungua mdomo, akajua mama yule anataka kulibeba neno hilo yeye, na akaona haya.

— Ni jirani yangu. Alikuwa akiwachapia watu barua pale Olympic. Mashine ni yake, alinipa nimwekee. Nimewadanganya hapa wote.

Wesonga akanyooka. Akamtazama Nzuki. Nje ya uzio sauti za vijana zilipanda, mtu akapiga mbinja.

— Ako na simu?

— Anayo.

— Mpigie. Weka loudspeaker.

Nzuki akapiga. Alikuwa na credit kidogo ya simu aliyoikwaruza Jumatatu, kabla maduka yote hayajafungwa, akiiwekea dharura ya nyumbani Machakos. Simu ikaita mara nne. Nyuma ya sauti iliyojibu kulikuwa na watoto wengi wakilia na mtu akitangaza foleni ya maji ya kambi.

— Nzuki? Uko sawa?

— Niko sawa. Niko kijiweni, Muthoni. Tuko watu kadhaa. Wanakusikia.

Kule mtangazaji akaita foleni nyingine.

— Watu gani?

— Mimi niko, mwanangu, Mabruka akasema, akiinamia simu na kile kijiko cha tangawizi bado mkononi. Ni mimi Mama Iman. Usiogope. Vijana wanataka kuwekewa game wakae, wasishuke barabarani. Shafi wangu yuko kati yao. Kompyuta inakuuliza wewe. Inataka neno lako.

— Na nani mwingine?

Wesonga akajitaja mwenyewe.

— Wesonga.

Nzuki akafikiri amekata simu. Kama angekata, nani angemlaumu? Angekuwa ndiye mwenye haki kuliko wote waliokaa pale.

— Ni jina la msichana wangu, Muthoni akasema. Njambi. Herufi ndogo zote.

Wesonga akaweka kidole kwenye kibodi. Kidole kikasimama.

— Inaanza na N ama na J?

— N. Halafu J. Polepole, ukikosea mara nyingi itagoma.

Akaandika herufi moja moja, midomo ikitamka bila sauti, kama mtu anayesoma ubao wa darasani. Skrini ikarudisha mwanga. Mstari wa kijani ukaondoka pale ulipokuwa umekwama, ukapita nusu, ukapita robo tatu. Kavoi alikuwa amesimama, mikono kichwani. Vijana wakaanza kumiminika kwenye uwazi wa kibanda, wanasukumana, wanapigania nani acheze na nani, na Shafi alikuwa wa tatu kuingia. Mabruka alimgusa bega alipopita, kidogo tu, kama anayeondoa vumbi. Jioni ile hakuna kijana wa plot zile aliyefika barabarani. Wa mitaa mingine walifika, na wawili hawakurudi.

Lakini hiyo ni ya jioni. Wakati ule, mstari ulipofika mwisho na vijana wakapiga kelele kama bao limeingia, simu ilikuwa bado wazi juu ya meza, kando ya nondo.

— Imekubali? Muthoni akauliza.

— Imekubali, Nzuki akasema. Asante. Asante sana.

— Sawa. Na nyumba yangu? Kwangu anakaa nani sasa?

Kelele za nyuma zikazimika, moja baada ya nyingine. Wesonga alikuwa ameshika mausi na hakuwa anaisogeza. Hansadi, aliyekumbuka kila neno la kila mtu, aligeuza uso ukutani. Kila mtu kwenye ubao ule alikuwa amepita mbele ya mlango wa Muthoni asubuhi ile, na kuona nguo za watu wengine zimeanikwa.

— Halo? Muthoni akasema. Mnanisikia?

Walikuwa wanamsikia.