Nyaya Nilizozisuka kama Ukili

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenitoa aibuni. Asifiwe sana!

Mnanijua. Mimi ni mtoto wa Vihingo, darasa la pili tu, tena sikulimaliza. Lakini nani hapa Kisarawe asiyeijua mikono hii? Vitani nilitengeneza redio za jeshi mpaka maofisa wakaniita kwa jina. Niliporudi nikaajiriwa chuo cha ufundi, nifundishe vijana kuunda redio. Mimi, bila cheti! Na nyumba yangu ya bati mnaiona.

Ila nilikuwa na siri. Kiingereza sikujua kukisoma. Michoro niliifuata kwa macho, maandishi nikayaruka, na nikiulizwa nilijibu, "Nimeelewa!"

Basi mhandisi wetu, Mzungu mmoja mpole, akanipa mchoro wa mashine mpya ya mawimbi mafupi mno, mafupi kuliko kiganja. Alikuwa amepiga hesabu karatasini jinsi kila taa ya ndani, zile chupa za kioo zinazoendesha redio, itakavyofanya kazi kabla haijawashwa. Yeye aliunda moja, ikapelekwa Kibaha. Mimi niunde ya pili huku mlimani, zizungumze. Akasema nikifaulu, darasa la mashine hizo ni langu. Nikishindwa, ataletwa mwingine kutoka mjini.

Ndugu zangu, niliipamba! Nyaya ndefu, zimepindwa vizuri, zimesukwa pamoja kama ukili. Nikawasha. Kimya. Siku tatu, kimya! Mke wangu akaniletea chakula, akachungulia.

"Baba Eliya, wamekuagiza redio au mkeka?"

"Mama Eliya, haya mambo ya kitaalamu!"

"Haya, mtaalamu. Si umuulize aliyechora?"

Chakula nikakisukuma kando. Nikapiga magoti kwenye vumbi la karakana, nikalia, Bwana, nitoe hapa! Nilitaka mashine iseme. Bwana alitaka mimi niseme kwanza.

Nikaenda kwa mhandisi. "Bwana, haya maandishi ya chini siyajui. Miaka yote siyajui."

Akauchukua mchoro, akanisomea taratibu: waya usizidi urefu wa ukucha, ukirefuka wimbi linapotelea humo humo. Kumbe urembo wangu ndio ulioiziba mashine! Nikashika koleo, nikaukata ukili wote, nikafunga upya.

Asubuhi yake tukawasha. Sauti ya Mwalimu Petro, mwenzangu aliyekuwa Kibaha, ikaja safi: "Kisarawe, nakusikia! Mbona unapiga kelele hivyo?"

Nilikuwa nalia! Haleluya!

Darasa nikapewa, na kusoma nikafundishwa, mtu mzima mwenye mvi. Leo nachora mwenyewe, hesabu napiga mwenyewe, na vijana wenye vyeti wanakaa mbele yangu wakiandika. Bwana ametenda! Ule ukili uliokatwa nimeutundika ukutani darasani, na somo la kwanza ni huo.

Ndugu yangu unayesema "nimeelewa" huku moyo unatetemeka, mwamini Bwana, mwambie leo. Hatakucheka. Mke wangu ndiye atakayekucheka, lakini na chakula atakuletea.