Bi Hodi Anatundika Joho

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Hodi anastaafu. Ametumikia Kituo chetu cha Uokoaji kwa miaka thelathini na mmoja, akiwa shujaa pekee tuliyenaye mwenye uwezo wa kupaa, kubeba lori kwa mkono mmoja na kumkumbusha mkuu wa kituo kwamba kikombe cha chai hakijioshi chenyewe. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika haya kwa kuwa ndimi dereva wa gari la msaada, yaani lile gari ambalo miaka yote hii limefika kwenye kila tukio baada ya yeye kumaliza. Nimeyaona mengi, ila mengi yake nimeyaona yamekwisha.

Wageni huuliza hilo jina lilitoka wapi. Lilitoka bafuni. Katika wiki yake ya kwanza kazini zilikuja habari kwamba mwizi ameonekana akiingia nyumba fulani kupitia dirishani. Kwa moto wa ujana, binti akapita ukutani! Matofali huku, vumbi kule, na mbele yake kasimama mwenye nyumba aliyekuwa amepoteza ufunguo, povu la sabuni limemjaa toka utosini mpaka magotini. Mzee wa watu alivuta taulo, akamwuliza kwa upole, “Binti, kwenu hampigi hodi?”

Swali hilo lilimwingia kuliko risasi yoyote aliyowahi kupigwa. Tangu siku ile hajaingia mahali bila kupiga hodi tatu, iwe nyumba inayoungua au benki inayoporwa. Lori likipinduka, hugonga kwanza mlango wa dereva. Na ule ukuta aliujenga upya siku yake ya mapumziko, akaletewa chai na kijana wa mle ndani, fundi cherehani. Ndiye Shemeji yetu huyo, anayemshonea majoho mpaka leo. Mzee wa povu akawa baba mkwe.

Kazi alizofanya haziingii kwenye ukurasa huu. Wapo wanaokumbuka moto wa kiwanda cha magodoro, alipotoka na mashine ya kushonea begani na wafanyakazi sita wamemning'inia kama nguo kwenye kamba. Wapo wanaokumbuka basi lililobaki nusu darajani na nusu hewani, alivyolirudisha barabarani polepole ili mama mmoja asimwagikiwe na maziwa ya mtoto. Mimi nakumbuka siku alipolibeba gari langu lililozimika, nami nikiwa ndani, nikiendelea kukanyaga mafuta kwa ajili ya heshima tu.

Sasa tufike pale mnapopasubiri wote.

Miaka mitano iliyopita mji uliingiliwa na majambazi wa ajabu. Walikuja mmojammoja, mchana kweupe, vifua vimetuna, nyuso kwenye barakoa mpya kabisa, na hawakuiba kitu. Walitaka kupigana tu. Siku moja Bi Hodi akiwa anakabana na mmoja wao juu ya paa la stendi, ukuta uliwaangukia wapaka rangi upande wa pili wa mji. Tulikwenda sisi wa gari la msaada, na jeki zetu na pumzi zetu fupi. Tuliwatoa wote hai, lakini mmoja alipoteza mguu. Bi Hodi alikwenda hospitali akiwa bado na joho lililochanika, akakaa kando ya kitanda mpaka muuguzi akamwondoa. Alituambia kitu kimoja tu, kwamba yule kijana alimwita na yeye hakuwepo.

Wiki mbili baadaye ikaja simu ya uvamizi kwenye ghala la vitambaa. Akafika, akasimama mlangoni, akapiga hodi ya kwanza.

“Karibu, mama!” sauti nzito ikamjibu toka ndani.

Jamani! Alikuwa hajawahi kuitikiwa na jambazi hata siku moja. Wengine hukimbia, wengine hurusha risasi, wengine hujibanza nyuma ya pipa. Huyu alikuwa amelelewa na bibi yake, na kwa bibi yule hodi isiyoitikiwa ilikuwa na adhabu yake. Mdomo ulimtangulia. Ndiye huyu mnayemjua leo kwa jina la Kabati, kwa sababu ya umbo lake. Alikuwa amesimama katikati ya ghala, kwenye alama ya chaki, amejishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Bi Hodi alimtazama, kisha akatazama juu. Juu ya ile chaki palining'inia bonge la zege kwenye waya.

Alimwuliza ni nani aliyemwambia asimame pale. Kabati naye akatazama juu kwa mara ya kwanza, akayamwaga yote. Matajiri fulani walikuwa kwenye ghorofa la juu la jengo la mbele, na darubini zao na vinywaji vyao, wakichezea kamari mapigano ya Bi Hodi. Wenye barakoa wote walikuwa vibarua wao. Kabati alikuwa ameambiwa amng'ang'anie mama pale kwenye chaki, basi, mengine hayamhusu. Siku hiyo dau kubwa lilikuwa kwamba Bi Hodi hatoki mle akitembea.

Angeweza kuwarukia palepale. Badala yake alibeba marobota mawili ya vitambaa, akayaweka nje mlangoni, peupe kabisa, akakaa kwenye moja na kumwambia Kabati akae kwenye jingine. Akamwuliza habari za bibi yake.

Hapo ndipo nilipotokea mimi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nimefika kabla mambo hayajaisha, nawakuta wanapiga soga! Nilisogezewa robota la tatu.

Kule juu kulikuwa hakukaliki. Tuliona vioo vyote vimejaa suti, vidole vinatuelekea, mtu kamkaba mwenzake tai. Mmoja wao kwa hasira akabonyeza kitufe. Zege likashuka nyuma yetu kwa kishindo cha kung'oa meno, ghala likatoa vumbi kama jeshi la punda limepita. Bi Hodi alimpangusa Kabati bega, nami nikaita polisi kwa redio kwa sauti ambayo wenzangu wa zamu wanaiigiza mpaka leo.

Waliposikia ving'ora, matajiri wote kumi na mmoja walikimbilia lifti moja. Haikupita dakika, redio ikalia: lifti imekwama, waya unakatika, watu wanapiga kelele. Mkuu wetu wa kituo, mtu mwangalifu, akasema redioni tuwaache, hilo nalo litakuwa igizo jingine, wamekwisha kutuchezea vya kutosha.

Bi Hodi alikuwa amekwisha simama. “Mkuu, yule mpaka rangi naye aliita,” alisema. “Nitajuaje kama sijagonga?”

Akapaa. Mimi na Kabati tulipanda ngazi mbio, yeye akinivuta kwa mkanda. Tulipochungulia kwenye tundu la lifti waya ulikuwa umeshakatika, na mama yule, umri wa kuwa na wajukuu, amekanyaga kuta mbili na kulishikilia lisanduku zima kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aligonga paa lake.

“Hodi!”

“Karibu!” walipiga ukelele wote kumi na mmoja. “Karibu! Karibu mama, ingia!”

Aliwashusha taratibu mpaka chini, polisi wakawapokea mlangoni. Mahakama ilimaliza yaliyobaki, na barakoa mpya hazikuonekana tena mjini.

Kabati alikuja kituoni wiki iliyofuata kuomba kazi, amevaa shati la kuazima lisilofunga. Amefundishwa na Bi Hodi mwenyewe kwa miaka mitano, na Jumatatu anashika nafasi yake. Shemeji ameshanunua kitambaa cha joho lake, mara mbili ya kile cha Bi Hodi. Kupaa hajui bado, hivyo atapanda gari langu, maana yake gari langu ndilo litakalofika la kwanza. Wananchi, tuvumiliane.

Dada yetu, asante. Asante kwa kila mlango uliougonga, na kwa kwenda hata pale tulipokuambia usiende. Tunakuombea afya na mapumziko marefu, wewe na Shemeji, na baba mkwe ambaye, nasikia, ana bomba la bafuni linalovuja na anakusubiri kwa hamu, ila safari hii upitie mlangoni. Siku ukitukumbuka, njoo. Piga hodi zako zote tatu, nasi kituo kizima tutaitika zote tatu.